Makofi ya Minza

Jumatatu, 12 Mei

Gwaride, wimbo wa taifa, usafi. Vumbi la karasha limeshaingia darasani kabla yetu. Mashine zile za kusagia mawe ya dhahabu hazilali, na upepo wote unakuja huku. Watoto wamefuta madawati kwa mikono ya masweta.

Darasa la Sita, Hisabati, vipindi viwili. Sehemu.

Nimerudisha madaftari kwa mtindo wangu. Wa chini anaanza, wa juu anamalizia, na kila jina na neno lake. Holo amekosa yote. Nimemwambia akachunge ng'ombe wa baba yake, huko hakuna sehemu. Wamecheka. Holo naye amecheka.

Minza wa mwisho. Amepata yote. Nimemsimamisha mbele. Nimesema hii ndiyo akili, huyu ni daktari wetu wa kesho, mpigieni makofi ya kilo. Wamempigia mpaka darasa la jirani likachungulia. Minza amesimama wima kama askari wa zamu. Hakutabasamu.

Wande yuko katikati. Amekosa maswali mawili. Wande ni mwanangu wa kumzaa. Nimemwambia mbele ya wote kwamba mtoto wa mwalimu anayeshindwa kujumlisha sehemu ni aibu ya mwalimu. Amechukua daftari kwa mikono miwili, kama ninavyowafundisha, amerudi kukaa.

Nyumbani nimepika ugali na dagaa. Nilipomwita aje apulizie mkaa akaitika, "Ndiyo, Madam." Nikadhani ananitania. Nikamwangalia. Hakuwa ananitania.

Jumatano, 14 Mei

Niandike sababu, labda nitajielewa.

Januari ya mwaka jana nilipopewa darasa hili, likiwa la Tano, Mwalimu Lameck alisema ofisini kwamba sasa Wande atashika namba moja kila mtihani, maana maswali yanalala naye nyumba moja. Walimu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Tangu siku ile sijamsifu Wande shuleni. Nilijiambia nitamsifu nyumbani, pasipo na macho ya watu. Nyumbani kuna kuni, kuna maji, kuna madaftari ya kusahihisha. Nikasahau.

Leo Mwalimu Mkuu ametutangazia mashindano ya Hisabati ya kata. Kila shule ipeleke mwanafunzi mmoja. Hajamaliza kusema nikataja jina la Minza. Akasema sawa, lakini lifanyike jaribio kwanza ili pasiwe na maneno. Jumanne ijayo. Wote tunajua ni Minza.

Nimemwambia mwenyewe wakati wa mapumziko. Nimemwambia shule nzima inamtegemea. Akasema, "Sawa, Madam." Mdomo wake ulikuwa mkavu, una vumbi pembeni. Nikamwambia akanywe maji.

Ijumaa, 16 Mei

Mama Minza amekuja shuleni na karanga kwenye kitambaa. Anaponda mawe kule karasha, kutwa amekaa chini na nyundo. Ananizidi umri lakini huniwahi kwa shikamoo. Nimechoka kumkataza.

Alikuwa na jambo, akalizunguka. Mwisho akalisema. Minza siku za jaribio hali chakula. Asubuhi anatapika. Juzi amekataa hata uji.

Nikamwambia ni kawaida kwa watoto wenye akili. Nikamwambia mtoto wake ni wa pekee, nimefundisha miaka mingi sijaona kama huyu. Uso wake ulifunguka mpaka nikafurahi mwenyewe. "Wabeja sana, mwalimu," akanishukuru kwa Kisukuma. Wabeja sana. Akaenda zake amenyooka mgongo.

Nimekula karanga zote peke yangu wakati nasahihisha. Hapo ndipo nikakumbuka kitu. Minza wa mwanzo wa Darasa la Tano alikuwa anauliza maswali mpaka ananichosha. Kwa nini hivi, Madam, kwa nini si vile. Siku hizi haulizi. Hanyooshi mkono ila akiwa na hakika. Nilikuwa nadhani amekua.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani, halafu nguo za kufua. Baba Wande hayupo, yuko Maganzo anachimba almasi na wenzake, anarudi mwisho wa mwezi Mungu akipenda.

Nilikuwa naanika nyuma ya nyumba. Upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wanacheza shule. Wande ndiye mwalimu. Mdogo wake Tumaini, wa darasa la awali, ni mwanafunzi, pamoja na watoto wawili wa jirani. Wande alikuwa anaandika ukutani kwa mkaa. Nikataka kumkaripia kwa ajili ya ukuta, halafu nikasikia.

"Wewe Tumaini ndiye Wande. Simama."

Tumaini akasimama, nadhani. Wande akaendelea. Mtoto wa mwalimu huna haya. Wenzako wanapata, wewe unakaa tu kama gogo. Unataka watu waseme nini? Kaa chini, unanitia kichefuchefu.

Sauti ilikuwa yangu. Si maneno tu. Ile ya kuvuta pumzi kabla ya jina. Ile ya kushusha sauti mwishoni ili mtoto ainame kusikiliza. Hata kichefuchefu nilikisema mimi, nadhani mwezi wa tatu. Nilikuwa nimekisahau kabisa. Yeye hajakisahau.

Tumaini akaanza kulia.

Nilichofanya ni hiki. Nilizunguka ukuta, nguo mbichi mkononi, nikamfokea Wande kwa kumliza mdogo wake.

Jumanne, 20 Mei

Jaribio lilikuwa leo.

Nimewapanga, nimegawa karatasi, nimezunguka. Wande na Minza wanakaa dawati moja, sikuona sababu ya kuwatenganisha. Nilisimama dirishani kidogo. Nilipogeuka niliona kichwa cha Wande kimeinamia upande wa Minza na midomo yake inacheza. Nimeona kwa macho yangu.

Sikuuliza. Hilo ndilo la kuandika. Sikuuliza neno hata moja.

Nilivuka darasa, nikachukua karatasi ya Wande, nikaichana. Nikamtoa mbele. Nikampigisha magoti kwenye sakafu ile ya mashimo, uso kwa wenzake, mikono juu. Nikasema, "Mwangalieni mwizi. Anakula kwangu, analala kwangu, halafu anamwibia mwenzake jasho lake." Nikasema asiye na akili afadhali awe mwaminifu. Nikasema na mengine.

Alikaa hivyo mpaka mwisho wa jaribio. Hakulia. Alikuwa anamwangalia Minza, na Minza alikuwa anaangalia karatasi yake.

Mwalimu Lameck alipita mlangoni, akaona, akainamisha kichwa kwa heshima. Nikajisikia vizuri. Nikajisikia msafi.

Jumatano, 21 Mei

Nilijua jana ileile.

Baada ya kengele nilisahihisha karatasi ya Minza. Maswali ya kwanza sawa. Kuanzia katikati hakuna kitu. Ameandika, amefuta, ameandika, amefuta, mpaka karatasi ikatoboka. Halafu ghafla swali moja limejibiwa safi, kwa njia ambayo sikuifundisha. Ni njia ya Baba Wande. Anamfundisha Wande kwa vijiti kila akirudi, nami huwa nawaambia waache, watachanganya mtoto.

Nikaokota vipande vya karatasi ya Wande kwenye ndoo ya taka. Nikavipanga mezani. Alikuwa amemaliza. Yote. Amepata yote.

Hakuwa anauliza. Alikuwa anamwambia mwenzake.

Nikavirudisha kwenye ndoo, nikafunga ofisi, nikaenda nyumbani. Wande alikuwa ameshapika. Magoti yake yalikuwa na alama za changarawe. Nikala. Nikamwambia chumvi imezidi.

Alhamisi, 22 Mei

Kimya tena. Mimi, si yeye.

Kwenye kikao cha asubuhi Mwalimu Mkuu amenisifu mbele ya walimu wote. Kwamba nimeonyesha mfano. Kwamba mwalimu asiyempendelea hata mwanawe ndiye mwalimu. Wakanipigia makofi.

Nilikuwa najua ukweli nikiwa nimesimama pale. Na nilifurahi. Niandike bila kuficha: makofi yalinifurahisha. Yalipanda mpaka masikioni. Kama Mwalimu Mkuu angeniuliza papo hapo kama nina la kusema, ningesema asante.

Jina la Minza limeshapelekwa kata.

Minza leo ameomba ruhusa ya kwenda chooni kila kipindi.

Ijumaa, 23 Mei

Wande hakurudi nyumbani.

Tumaini alikuja peke yake na mfuko wake. Nikasubiri. Jua likaanza kushuka. Nikaenda kwa jirani, hayupo. Nikaenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, hayupo. Nilianza kutembea haraka halafu nikaanza kukimbia, mimi mwalimu, kanga inanivuka, watu wa dukani wananiangalia. Huku kwetu kuna mashimo ya zamani ambayo hayana uzio. Sitaandika nilichokuwa nafikiria.

Holo nilimkuta njiani na ng'ombe. Nilipomuuliza aliwaangalia ng'ombe wake kwanza. Halafu akasema Wande na Minza wameelekea karasha.

Nikawakuta chini ya turubai, pamoja na akina mama wanaoponda mawe. Wande alikuwa amekaa kati ya Minza na mama yake, nyundo mkononi, sare imekuwa nyeupe, nyusi nyeupe. Sikujua hata kama ni marafiki. Wanakaa dawati moja tangu Januari na sikujua. Mama Minza alisimama kunipokea, akidhani mimi ndiye niliyemruhusu mtoto aje. Kelele za mashine zilikuwa kubwa, tukawa tunapigiana ukelele, haeleweki mtu. Halafu mashine ikaishiwa dizeli, pakawa kimya.

Kimya kile ndicho kilichomfanya Minza aseme.

"Madam, mimi ndiye niliyemuuliza Wande. Nilisahau yote. Nilikuwa nasikia makofi tu kichwani, hesabu sizisikii."

Mama yake hakuelewa. Minza akarudia kwa Kisukuma, taratibu. Mama Minza akainua mkono kumpiga. Nikaushika ule mkono. Sikuwa na haki ya kuushika, lakini niliushika.

Akadhani nimekasirika kuliko yeye. Akaanza kunibembeleza, na hilo lilinivunja kuliko yote. "Mwalimu, usimwache. Usiache kumsifu. Akisifiwa anaamka mwenyewe asubuhi, anajiosha, anavaa. Kaka zake nilikuwa nawatoa kwa fimbo na bado waliacha shule. Huyu ni yale makofi tu yanayomwamsha."

Nilikuwa nimejiandaa kusema makofi ndiyo yaliyomharibu. Sikuweza kulisema. Nilisema tutazungumza. Sikujua tutazungumza nini.

Njiani na Wande. Tulitembea mpaka tulipovuka korongo ndipo nikauliza kwa nini hakusema kweli siku ile.

"Ungeniamini?"

Nikakung'uta vumbi kwenye kanga.

"Alikuwa anatetemeka, dawati lote linatetemeka," akasema. "Nikamwambia moja tu."

Nikamwambia nilijua tangu Jumanne jioni. Sikupanga kumwambia hilo, limetoka lenyewe. Akasimama. Akaniangalia kwa muda, mtoto wa miaka kumi na mbili, uso wote vumbi. Nilitaka alie, au anitukane. Akaanza kutembea tena.

Nikamwambia nimekosa, anisamehe. Nimewahi kumsamehe mtu, sijawahi kumwomba mtoto msamaha, ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. Nikamwambia Jumatatu nitasema darasani.

"Usimtaje Minza," akasema. "Watamcheka. Yeye hajazoea. Mimi nimeshazoea."

Jumamosi, 24 Mei

"Nimeshazoea." Neno hilo nimefua nalo, nimepika nalo.

Baba Wande amepiga simu. Wande ameongea naye nje, nikasikia anacheka. Kisha akaniletea simu. Nikamwambia mume wangu kila kitu. Akasema, "Mama Wande, mimi nikimkuta nyumbani namwambia kila kitu ni kizuri, hata kibaya, kwa sababu nina siku mbili tu za kukaa naye. Usidhani mimi ndiye mzuri." Halafu akasema ile njia ya vijiti alifundishwa na baba yake, ambaye hakumaliza hata Darasa la Saba.

Sikutaka anifariji. Alijitahidi asinifariji.

Jumatatu, 26 Mei

Nimesema.

Nilitaka kusubiri kipindi cha pili, nikajua nikisubiri sitasema. Nikasema kabla ya mahudhurio. Kwamba Jumanne nilimwadhibu Wande bila kumuuliza. Kwamba hakuwa mwizi. Kwamba nilijua siku ileile na nikakaa kimya, na hilo ni kosa la pili, ni kubwa kuliko la kwanza. Kwamba naomba radhi mbele yao kwa sababu nilimtukana mbele yao.

Wande alikuwa anaangalia meza. Kiti cha Minza kitupu.

Mmoja akauliza, basi nani alikuwa anamwangalizia mwenzake. Nikasema hilo halitatajwa humu. Lakini wote waliangalia kile kiti. Nilikuwa nimemlinda kwa mdomo, kiti kikamtaja. Sikufikiria hilo. Ningeweza kusubiri awepo, au niseme wote wawili wakiwa wamekaa mahali pengine. Hata kutubu nimetubu vibaya.

Halafu Holo akanyoosha mkono. Tangu mwaka uanze Holo hajawahi kunyoosha mkono.

"Madam, na sisi je?"

Nikamwambia sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa.

"Sisi unaotuambia tukachunge."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wananingoja. Nyuma kabisa, wale wanaokaa karibu na mlango, wale ambao madaftari yao huwa narudisha kwanza. Sikuwa nimejiandaa kwa hao. Nilijiandaa kwa mmoja tu, wa kwangu.

Nikasema, "Na ninyi. Nisameheni na ninyi."

Nikaita mahudhurio. Nikaruka majina mawili, wakanirekebisha.

Jumanne, 27 Mei

Mwalimu Mkuu ameniita. Habari zimemfikia, zimeongezwa chumvi njiani. Nikampa zilizo sahihi, na jina la Minza nikampa, maana lazima aliondoe kata. Akakasirika. Hakukasirikia udanganyifu wa Minza, alikasirikia radhi yangu. Mwalimu haombi radhi kwa wanafunzi. Kesho watakupanda kichwani, kesho kutwa watanipanda mimi.

Akaniuliza basi tumpeleke Wande, kwa kuwa alipata yote. Karatasi nilishaichana. Na ningeulizwa mtoto wa nani. Nilifungua mdomo nikasikia nakaribia kumkatalia tena mwanangu kwa sababu ya Lameck. Nikasema nitamuuliza mwenyewe.

Nimemuuliza. Amesema hataki. Nikamuuliza kama ni kwa ajili yangu. Akasema hapana, hataki kusimama mbele ya watu tena mwaka huu.

Amekwenda mwanafunzi wa mkondo wa pili, wa Mwalimu Lameck.

Nimetenganisha madaftari. Nitayarudisha mezani kwa kila mmoja, yamefungwa.

Ijumaa, 30 Mei

Minza amerudi juzi. Nilikwenda kwao mwenyewe jioni, mara mbili. Mara ya kwanza alijificha ndani. Mara ya pili tulikaa nje na mama yake na nikamwambia kutoboa karatasi kwa kufuta si dhambi, na kusahau si dhambi. Sijui alisikia nini.

Wenzake wamemcheka siku ya kwanza. Siku ya pili wamechoka. Wande anakaa naye, hawaongei sana.

Najaribu kusema tofauti. Sisemi tena una akili. Leo amefanya swali la eneo, njia ya kwanza imegoma, akajaribu ya pili. Nikainama mezani kwake nikamwambia polepole, nimeona ulivyoiacha ile ya kwanza na kutafuta nyingine, hapo ndipo umefanya kazi. Nilijiona nimesema vizuri. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi.

Wakati wa mapumziko akanifuata mpaka mlango wa ofisi.

"Madam, bado umenikasirikia?"

Nikasema hapana. Kwa nini?

"Siku hizi hunisifu."

Amesimama pale na sweta yake, anangoja. Nilimzoesha mimi. Nilimlisha sukari mwaka na nusu, sasa nimemwekea uji usio na kitu nasema ndio wenye afya. Nikashindwa. Nikamwambia, "Minza, una akili sana." Akapumua. Akakimbia kucheza.

Sijui kama nimemsaidia au nimemrudisha palepale. Sijui. Chuoni tulifundishwa mstari mmoja kuhusu jambo hili, mwanafunzi apongezwe, nikaujibu kwenye mtihani nikafaulu.

Alhamisi, 5 Juni

Kesho tunafunga shule.

Matokeo ya nusu mwaka. Holo amepata maswali matatu ya Hisabati. Nimemuuliza alifanyaje. Akaeleza yote matatu, kwa kirefu, kwa vidole, watu wanamsubiri. Alipofika la tatu alikuwa anajichekea mwenyewe. Nilitaka kuita makofi. Mikono ilishainuka. Nikaishusha, halafu nikajiuliza kwa nini Holo ndiye akose siku niliyoamua kupata busara. Nikaita makofi. Ya kawaida, si ya kilo.

Wande amekuwa wa tatu. Jioni akiwa anaosha vyombo nimemwambia nimeiona insha yake, ile sehemu ya ng'ombe aliyekataa kuvuka, nilimwona yule ng'ombe. Nimemwambia ni insha nzuri.

Akasuuza sufuria. Akauliza, "Baba amekwambia useme?"

Nikasema hapana.

Akasema, "Haya."

Jumatano, 11 Juni

Tinde, kwa mama yangu. Tumekuja na Wande na Tumaini, basi mpaka Kahama na jingine mpaka hapa. Mama amevuna viazi vitamu, uani pamejaa. Hakuuliza habari za shule wala sikumpa.

Baada ya chai tumekaa chini kukata michembe, viazi vya kukausha juani vikae mpaka mvua. Mama, mimi, Wande, kila mtu na kisu chake na rundo lake. Tumaini anapeleka vilivyokatwa kwenye mwamba. Palikuwa na upepo mzuri. Nilikuwa sifikirii kitu.

Mama akachukua kipande kimoja kwenye rundo langu, akakiinua juani.

"Kinene hiki. Kitaoza ndani kabla hakijakauka. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, kukata kiazi tu." Halafu akageukia rundo la Wande. "Mtazame mwanao. Tazama alivyokata mayu huyu, mama yangu huyu, vyembamba kama karatasi. Huyu ndiye mtu. Huyu kanirithi mimi."

Nina miaka thelathini na minane. Nikalivuta rundo langu karibu kama mtoto wa miaka saba. Nilijua angesema. Amesema kila mwaka wa uhai wangu, kwa viazi, kwa mtama, kwa mchumba niliyemleta. Bado liliniuma. Niliinamisha kichwa nikajaribu kukata chembamba, kisu kikateleza, kikatoka kinene zaidi.

Wande alikuwa ameacha kukata. Aliangalia rundo lake. Akaangalia langu. Sikuthubutu kumwangalia usoni.

Akachukua kiazi kingine, akakiweka kwenye kiganja, akakata. Kipande kilikuwa kinene kama changu. Akakitupa kwenye rundo lake. Akakata kingine, kinene vilevile.

Mama akasonya.

Tukaendelea kukata.